Mashuka Yasiyoonyesha Doa

Fundi alikuwa na cherehani mbili na binti mmoja. Cherehani moja ilikuwa mbovu. Binti hakuwa na kasoro yoyote, na asiyeamini angeambiwa hivyo na Fundi mwenyewe.

Chumba cha kushonea kilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Ukutani kulikuwa na misumari, na kila msumari ulibeba nguo ya mtu. Kulikuwa na suruali ya kupunguza kiuno, gauni la kushusha pindo, na sare za shule za watoto watatu wa nyumba moja. Sakafuni kulijaa vipande vya vitambaa na nyuzi. Mtaa mzima ulimwita Fundi. Hata mumewe, aliyekuwa akipaka rangi nyumba za watu, alimwita hivyo.

Mteja akija na kitambaa cheupe, Fundi alikunja uso. Alimshika mkono akamwonyesha kingine.

"Hicho kitakuchosha kufua," alikuwa akisema. "Chukua cha maua, cha rangi nzito. Hakionyeshi doa."

Aliyasema hayo kwa miaka ishirini, na wateja walimshukuru.

Binti yake alikuwa na mimba ya miezi sita. Mkwe alikuwa dereva wa lori. Wiki mbili yupo, wiki tatu hayupo. Kwa hiyo binti alishinda kwa mama yake kila siku. Alikaa karibu na dirisha, akashona vifungo na kukunja mapindo. Wawili hao walipiga soga tangu asubuhi mpaka jioni. Fundi hakutaka kingine duniani.

Kisha ikaja habari ya klabu.

Ilikuwa klabu ya watu wa mtaa wanaojitolea kuhudumia jamii. Walikuwa kumi na wanane. Kulikuwa na mwalimu, kinyozi, fundi baiskeli, muuza mboga na wengine wa aina hiyo. Walikutana kila Alhamisi saa kumi jioni, darasani, wanafunzi wakishaondoka. Watu wazima wale walijibana kwenye madawati ya watoto, magoti yakawafika kifuani. Mwaka uliopita walichimba mtaro wa maji ya mvua. Mwaka huu walitaka kuisaidia wodi ya wazazi katika kituo cha afya.

Mwenyekiti wao alikuwa mfugaji wa kuku, na kila mtu alimwita Bi Mayai. Bi Mayai alikuwa dada yake mume wa Fundi. Basi kwa Fundi alikuwa wifi, na kwa binti alikuwa shangazi. Hapo ndipo shida ilipoanzia.

Tusimwonee Bi Mayai. Alimwalika wifi yake kwenye klabu mara tatu. Mara ya kwanza Fundi alisema ana kazi nyingi. Mara ya pili alisema mgongo unamsumbua. Mara ya tatu alisema ataona. Moyoni alikuwa akingoja kuombwa mara ya nne, ili akubali kwa heshima zake. Mara ya nne haikuja. Bi Mayai alidhani wifi yake hataki. Akamwalika binti, na binti akakubali palepale.

Tangu siku hiyo, kila Alhamisi ikifika saa tisa na nusu, binti alichoma sindano yake kwenye kitambaa na kuondoka. Baadaye zikaongezeka Jumamosi, na Jumanne kidogo. Alirudi amechangamka, mdomo umejaa habari. Shangazi kasema hivi, shangazi kafanya vile. Jioni moja Fundi alihesabu kimyakimya. Kabla kikombe cha chai hakijaisha, jina la shangazi lilitajwa mara kumi na moja. La mama halikutajwa hata mara moja, isipokuwa katika kuombwa sukari.

Roho ilimuuma. Alimwambia mumewe kwamba yule dada yake anapenda kujionyesha, na kwamba kusaidia watu si lazima upige kelele mtaa mzima. Mumewe alikuwa akisugua rangi kwenye kucha zake kwa kitambaa.

"Kwani dada yangu kakukosea nini?" aliuliza.

Fundi akamnunia kwa siku mbili.

Wiki iliyofuata binti alieleza jinsi klabu inavyofanya kazi. Wana desturi moja wanayoiita siku ya benchi. Kabla ya kuchangisha hata senti, wanachama wawili huenda mahali wanapotaka kusaidia. Hukaa pale kwenye benchi kutwa nzima, tangu asubuhi mpaka jioni. Hutazama, huuliza, huandika. Safari hii waliokaa walikuwa binti na shangazi yake.

"Kutwa nzima kwenye benchi, na tumbo hilo?" Fundi alisema. "Mtu anayeumwa anajulikana anataka nini. Kuna haja gani ya kukaa kumtazama?"

"Hata sisi tulidhani tunajua, mama. Kumbe hatujui. Vitanda ni kumi na viwili. Magodoro yamechanika, na mashuka hayatoshi. Na mkunga alituambia kwamba..."

"Basi, basi," Fundi alisema. "Kunja hilo pindo."

Laiti angemwacha binti amalize sentensi ile, hadithi hii ingekuwa fupi sana. Lakini masikio ya Fundi yalikuwa yamejaa wivu. Alishika neno moja tu: mashuka. Mashuka hushonwa na nani? Na fundi hodari katika mtaa ule ni nani? Hakika si mfuga kuku.

Jumamosi klabu ilifanya changizo lake. Nalo walilifanya kwa namna yao. Hawakupita nyumba kwa nyumba na bahasha. Kila mwanachama alileta kazi yake kwenye uwanja wa shule na kuifanya hapo kutwa nzima. Kinyozi alinyoa. Fundi baiskeli aliziba mipira. Mwalimu aliwaandikia watu barua za maombi ya kazi. Bi Mayai alichemsha mayai kwenye sufuria kubwa kama beseni. Mteja alilipa bei ya kawaida, na fedha yote ilikwenda kwenye wodi. Kwenye ubao mweusi waliandika wanachotaka kununua: mpira wa kushonea vifuniko vya magodoro, na mashuka. Jioni mwalimu aliandika papo hapo kiasi kilichopatikana, mbele ya kila mtu. Watu waliiita siku hiyo Jumamosi ya mikono.

Fundi hakwenda. Alisimama ng'ambo ya barabara, kwenye duka la vyombo, akajifanya anachagua ndoo. Kutoka hapo alimwona binti yake. Amewekewa kiti chenye mto, ameketi pembeni ya shangazi yake. Wote wawili wanamenya mayai na kucheka. Mteja mmoja wa Fundi alipita, yai mkononi.

"Wifi yako ana moyo," mteja alisema. "Na binti yako anampenda, jamani. Ungedhani kamzaa yeye."

Fundi alilipia ndoo ambayo hakuihitaji akaenda zake nyumbani. Njiani machozi yalimlengalenga. Alikuwa na wivu, na alijua kwamba ni wivu, na kujua hakukumpunguzia kitu.

Alikuwa ameweka akiba ya kutengenezea ile cherehani mbovu. Akaichukua yote. Akanunua jora la kitambaa kizuri ajabu. Kilikuwa cha rangi ya damu ya mzee, chenye maua makubwa meusi na mekundu. Akanunua na lesi. Kwa wiki mbili, kila binti alipoondoka kwenda klabu, Fundi alivuta pazia na kushona. Alishona mashuka kumi na mawili. Kila shuka lilikuwa na marinda pembeni na lesi upande wa kichwani. Kazi ilikuwa safi, hilo halina ubishi. Binti akirudi, mashuka yalikuwa uvunguni na Fundi anapiga pasi suruali ya mtu.

Klabu ilipanga kukabidhi vitu vyake Ijumaa saa kumi. Fundi alipanga kufika saa tisa. Alikodi mkokoteni, akamkodi na mpiga picha. Alitaka Bi Mayai akifika na vifuniko vyake vya mpira, akute vitanda vyote kumi na viwili vimevikwa kama vya maharusi. Alitaka binti aone.

Mkunga mkuu alikuwa mwanamke mfupi, mwenye saa iliyobandikwa kifuani. Alimpokea Fundi mlangoni kwa heshima. Kwanza alimgeukia mpiga picha na kumwambia angoje nje.

"Humu ndani kuna mama waliolala na kanga kifuani," alisema. "Hawakuja kupigwa picha. Tukihitaji picha, tutawauliza wao kwanza."

Kisha akayatazama mashuka. Aliyapapasa, akasifu mishono. Alisifu kwa dhati, na Fundi akavimba kwa furaha. Halafu mkunga akalikunja shuka alilokuwa ameshika akalirudisha juu ya mengine.

"Mama, nakushukuru sana. Lakini haya siwezi kuyatandika."

Fundi alidhani hakusikia vizuri. Mkunga akamwambia amfuate kwenye chumba kidogo cha dawa. Hapo alitandaza shuka la maua mezani. Pembeni yake alitandaza shuka jeupe, kuukuu, lenye viraka viwili. Akachukua chupa ya dawa nyekundu ya kusafishia vidonda. Akamwaga kwenye shuka la maua. Akamwaga na kwenye shuka jeupe.

"Wewe umeishi na vitambaa," mkunga alisema. "Niambie, kwenye lako nimemwaga kiasi gani?"

Fundi aliinama. Alitazama maua mekundu na maua meusi. Aligeuza kichwa huku na huku. Kwenye shuka jeupe doa lilionekana waziwazi, kubwa kama sahani. Kwenye shuka lake hakuona kitu.

"Sijui," alisema. Halafu akaongeza kwa sauti ndogo, "Halionyeshi doa."

"Ndiyo. Na mimi doa ndilo ninalolitafuta. Mama akishajifungua, hutoka damu. Kidogo ni kawaida. Ikizidi, anaweza kufa tukiwa tumesimama hapo hapo. Saa ya kwanza namtazama usoni, namshika tumbo, na naangalia shuka lake. Doa likikua, najua. Kwenye maua haya nisingejua."

Akaendelea kumweleza taratibu, kama anavyowaeleza akina mama wa mimba ya kwanza. Mashuka ya wodi hulowekwa kwenye dawa kali ya kuua vijidudu, kisha hufuliwa kwa maji ya moto. Rangi nzito ingetoka ikachafua mengine. Marinda na lesi hushika uchafu ndani ya mikunjo. Shuka la wodi linatakiwa liwe jeupe, la pamba nene, lisilo na urembo wowote.

"Wale wa klabu nilishawaambia haya siku walipokaa kwenye benchi," mkunga alimalizia. "Nilidhani mko pamoja."

Fundi alitamani ardhi ipasuke. Kilichomtia baridi mwilini si aibu peke yake. Binti yake angejifungulia kwenye wodi ile baada ya mwezi mmoja. Kama mkunga angekuwa mtu wa kuogopa kumvunja mama wa watu moyo, angeyatandika yale mashuka. Na binti angelala juu yake.

Wakati huo klabu ikafika. Walikuja kwa miguu, kumi na tisa pamoja na binti, wamebeba marobota kichwani. Bi Mayai aliona mkokoteni, akaona maua, akaona uso wa wifi yake. Akaelewa yote. Fundi alijiandaa kuchekwa. Bi Mayai hakucheka. Alisema tu kwamba lesi ile ni nzuri, akapita.

Vifuniko vya mpira vikafunguliwa. Mkunga hakuwa mtu wa kupokea kitu kwa macho. Alivalisha godoro moja, akachota maji kwa kikombe akayamwaga juu, akangoja. Kisha akavua kifuniko. Godoro lilikuwa limelowa, mstari mrefu katikati.

Fundi alisogea akaupitisha ukucha juu ya mshono.

"Nani kashona hapa?"

"Mimi," Bi Mayai alisema. "Kwa mkono. Mpira ulikuwa mwembamba kuliko godoro, nikaunga vipande viwili."

Hapo Fundi alipata raha. Tuseme ukweli, ilikuwa raha mbaya, na ilimpanda mwili mzima. Wiki zote zile alikuwa akingoja kumwona wifi yake amekosea mbele za watu, na sasa amekosea mbele za watu kumi na wanane na mkunga. Angeweza kuondoka na mkokoteni wake hapohapo. Alishageuka nusu.

Binti alikuwa amechoka kusimama. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda kilicho wazi, mkono juu ya tumbo, anatazama godoro lililolowa.

"Mama," alisema, "mimi ndiye nitakayelala hapa."

Alikuwa amemwambia yeye, si shangazi. Fundi aligeuka tena akavua futi yake shingoni.

"Sindano ikipita kwenye mpira, huacha tundu," aliwaambia. "Mshono ni matundu yaliyopangwa mstari. Ukiuweka juu, maji yanapita. Kwa hiyo juu hapawekwi mshono. Mpira ulazwe kwa urefu, uteremke pande zote mpaka chini ya godoro. Mshono na zipu vikae chini, ambako maji hayafiki. Mpira ukipungua, kiraka kiwe cha chini, si cha juu."

Kinyozi aliuliza kama mpira walio nao utatosha kwa namna hiyo. Fundi alipima, akaandika kwa chaki kwenye sakafu ya wodi, na mkunga akamtazama vibaya. Ungetosha vifuniko tisa. Kwa vitatu vilivyobaki, na kwa mashuka meupe zaidi, zingehitajika fedha nyingine. Klabu ilikuwa imepata mashuka manne tu.

Bi Mayai aliuliza kama wifi yake anaweza kuwaonyesha namna ya kukata. Hakuuliza kwa kebehi. Fundi alimtazama. Moyoni alihesabu kwamba hii ndiyo mara ya nne, akaona aibu kwamba bado anahesabu.

"Sikufundishi kukata," alisema. "Utaharibu mpira. Nitakata mwenyewe. Wewe utashika upande ule."

"Na haya ya maua?" mwalimu aliuliza.

"Nyumbani yanafaa sana," mkunga alisema. "Hata mimi ningenunua moja."

Basi wakakubaliana hivyo. Jumamosi iliyofuata klabu ilirudi uwanjani na mikono yake. Safari hii Fundi alikuwa na meza yake mwenyewe, karibu na sufuria ya mayai. Mashuka kumi na mawili ya maua, pamoja na lile lililomwagiwa dawa likafuliwa, yaliisha kabla ya saa sita. Aliwaambia wanunuzi kwamba hayaonyeshi doa, na safari hii lilikuwa neno la haki. Fedha hiyo ilinunua mpira uliopungua na jora la pamba nyeupe.

Kabla ya kukata pamba, klabu ilimwambia Fundi akae siku yake ya benchi. Kila mwenye kazi mpya hukaa. Alinung'unika, lakini alikaa kutwa. Aliona jinsi manesi wanavyovuta shuka kwa haraka mama akiwa juu yake. Akauliza. Kumbe shuka hutumika pia kumhamishia mama kwenye kitanda kingine, watu wawili wameshika pembe. Aliporudi aliongeza pindo la ncha mbili liwe nene, lishikike. Hilo hakuna aliyemwagiza. Wiki iliyofuata wodi ilikuwa na vitanda kumi na viwili vilivyofunikwa mpira usiovuja, na juu yake mashuka meupe, yasiyo na lesi hata ya upana wa kidole.

Wivu haukuisha kwa sababu hiyo. Binti aliendelea kusema shangazi hivi na shangazi vile. Siku nyingine roho ya Fundi ilimchoma, akauma uzi kwa meno badala ya kuukata kwa mkasi. Lakini sasa alikuwa anajua habari yenyewe, kwa kuwa naye alikuwepo. Mara nyingine yeye ndiye aliyesimulia, na binti ndiye aliyecheka.

Uchungu ulimshika binti asubuhi ya Jumatano, anashona kifungo. Mume alikuwa safarini. Fundi na Bi Mayai walimpeleka pamoja, kila mmoja kamshika mkono wake. Saa nne kasoro robo akaingia chumba cha kujifungulia. Mawifi wawili wakabaki kwenye korido, wamesimama, mmoja ukuta huu na mwingine ukuta ule.

Saa sita walisikia mtoto akilia. Fundi alimshukuru Mungu. Wakangoja waitwe. Hawakuitwa. Nesi mmoja alipita mbio na chupa ya maji ya mshipani. Mlango ukafungwa. Hakuna aliyewaambia kitu kwa muda ambao Fundi hatausahau. Alimshika Bi Mayai mkono, na hakukumbuka ni saa ngapi alivuka korido kumfikia.

Hatimaye mkunga alitoka. Alikuwa anajifuta jasho.

"Mtoto mzima, wa kike. Mama yake alianza kutoka damu nyingi baada ya kondo kutoka. Nimeona doa linakua kwenye shuka, tena mapema. Tumemchoma sindano, tumemsugua tumbo, tumemwekea maji. Damu imekata. Sasa yuko macho, anataka chai." Akamtazama Fundi. "Nimeona mapema, mama. Ndiyo imesaidia."

Alirudi ndani. Fundi alifunika uso kwa mikono miwili. Mashuka ya rangi ya damu ya mzee yalimjia akilini, na jinsi alivyoyashona pazia likiwa limefungwa. Alipoondoa mikono alitoa ya moyoni.

"Wifi, nilikuonea wivu. Yale mashuka sikuyashona kwa ajili ya wagonjwa. Niliyashona ili nikushinde. Mwanangu alikuwa anataka kunitoka."

Bi Mayai aliutazama mlango uliofungwa.

"Mimi nimekuonea wivu tangu siku aliyozaliwa," alisema. "Nina kuku mia mbili, wifi, na hakuna hata mmoja anayeniita mama. Nilipomwalika klabu, sikumwalika kwa ajili ya klabu tu. Nilitaka nikae naye. Hata kumenya mayai tu."

Miaka yote hiyo Fundi alidhani yeye ndiye mwenye kupungukiwa.

Mlango ukafunguliwa. Nesi alisema mgeni mmoja aingie, mmoja tu, kwa dakika tano. Fundi alishatia mguu kizingitini. Ilikuwa haki yake, na hapana mtu ambaye angemlaumu. Alirudisha mguu.

"Ingia wewe," alisema.

"Wifi, wewe ndiye mama."

"Ingia kabla sijabadili mawazo."

Bi Mayai aliingia. Mlango ukafungwa. Fundi alibaki kwenye korido peke yake. Alisikia sauti ya binti yake ikisema shangazi. Akasikia shangazi akilia na kucheka pamoja. Wivu ulimpanda. Aliweka mikono nyuma, akaikandamiza ukutani, macho kwenye saa iliyokuwa juu ya mlango.

Dakika tano zilipotimia hakuongeza hata moja. Alibisha. Bi Mayai alikuwa tayari amesimama nyuma ya mlango na mtoto mikononi. Akamweka kifuani mwa bibi yake, akatoka.